Kalamu Nyekundu Wodini

Mume wangu alistaafu ualimu miaka minane iliyopita, lakini kalamu yake nyekundu hawakumnyang'anya, na hilo ndilo kosa kubwa la idara nzima ya elimu. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Anasahihisha kadi za harusi kabla hajasema kama tutakwenda au hatuendi. Anasahihisha matangazo ya msiba, marehemu hata hajazikwa. Siku moja alimsimamisha muuza mayai kwa sababu ubao wake uliandikwa "mayahi", akaifuta ile h kwa kidole alichokilowesha mate, na yule bwana akatuuzia mayai mabovu, nami nikaona haki imetendeka. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Na mimi namwita Mwalimu, maana majina mengine yanayomfaa hayatamkiki mbele ya watu.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kazi ni wa kulia. Nasema hivyo mapema ili mjue nilikuwa na nini cha kupoteza wakati wenye elimu zao wanabishana kuhusu lugha. Nina sukari. Kidonda kilianza chini ya kidole gumba cha mguu huohuo, lengelenge dogo tu la kiatu, nikalipuuza wiki tatu kwa sababu nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Kilipoanza kutoa usaha nikalazwa. Hilo la kupuuza ni langu, simsingizii mtu.

Walinipa kitanda cha saba, karibu na dirisha lisilofunga. Wodi ilikuwa na sista mmoja mzoefu, mzoefu kwelikweli, kwa maana alishazoea hata kutotutazama. Alisukuma toroli ya dawa huku simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Wewe si ndiye yule wa presha?"

"Hapana. Sukari."

"Haya, sukari," akasema, akachagua kikombe kingine, akaendelea na simu yake. Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa macho. Aliyelala angekunywa presha ya jirani na kushukuru juu yake.

Halafu alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, gauni lake limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama yenyewe. Huyo alikuwa kichekesho cha aina nyingine. Kila alipokuja na sindano aliniuliza jina langu kamili. Nikilitaja, analitazama kwenye utepe wa mkononi, kisha kwenye faili. Kichupa cha dawa anakisoma anapokitoa kwenye toroli, anakisoma tena anapovuta dawa, anakisoma mara ya tatu kabla hajanigusa. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu hata mimi hupima kitambaa mara tatu kabla ya kushika mkasi. Mwalimu, aliyekuwa anakuja kila siku kukalia kiti cha wageni kana kwamba ni kiti cha mkaguzi, hakuweza kuvumilia.

"Jana si alikwambia jina lake?" akamuuliza. "Au ulidhani amelibadilisha?"

"Ndivyo tunavyofanya, baba," binti akajibu bila kununa. "Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi."

"Unakariri. Kukariri si kujua."

Hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyewakaririsha ngeli watoto wa watu kwa miaka thelathini na saba mpaka wengine wakajikojolea. Nilijifanya nakohoa.

Ndipo binti akaniambia, "Sindano hii ni kila baada ya masaa manane, mama. Kwa hiyo nitarudi tena jioni."

Mwalimu akaruka kitini. "Masaa? Masaa ndiyo mdudu gani? Ni saa, binti. Saa moja, saa mbili, saa mia. Neno saa halina wingi wa ma. Chuoni kwenu wanawafundisha nini?"

"Samahani, baba. Saa nane."

Kuanzia hapo akambandika jina: Bi Masaa. "Bi Masaa amekuja?" "Bi Masaa amekuchoma vizuri?" Alikuwa anacheka peke yake, mabega yakitikisika, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanamtazama kwa huruma wakidhani yeye ndiye aliyelazwa. Kumbe binti alikuwa amesema maneno matano yenye maana na kosa moja lisilo na madhara, na mume wangu alisikia lile kosa tu. Ana ugonjwa huo. Ukikosea neno moja mbele yake unaweza ukaendelea kumwambia nyumba inaungua, hatasikia.

Nilikaa siku tisa. Kidonda kikaanza kukauka, daktari akasema niende nyumbani nikamalizie na vidonge. Asubuhi ya kutoka, binti alikuja na mkufunzi wake wa chuo, mwanamke mrefu mwenye miwani na karatasi ya kumpimia mwanafunzi. Siku hiyo binti alikuwa anapimwa namna ya kumfundisha mgonjwa dawa zake. Mkufunzi alisimama miguuni pangu, akamsikiliza akianza, kisha akaitwa kitanda cha tatu ambako mwanafunzi mwingine alikuwa amemwaga kitu. Tukabaki watatu.

Binti akakaa kwenye ukingo wa kitanda, uso wake usawa mmoja na wangu. Akatoa bahasha kubwa ya karatasi ngumu yenye vidonge mia moja na kumi na viwili, na juu yake akaandika kwa mkono mzuri: VIDONGE 2 KILA MASAA 6. SIKU 14. Halafu akaanza kuchora duara.

"Hicho ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Saa, baba. Nataka kumwekea mama alama, pale anapotakiwa kunywa."

"Usimchoree mke wangu katuni. Ni mtu mzima, anajua kusoma. Lete hapa."

Akaichukua bahasha. Kalamu ikatoka mfukoni. Akalikata lile "ma" kwa mstari mmoja mwekundu, mzito, akaandika pembeni 6/10, na chini yake: Jitahidi. Akairudisha. Ikasomeka VIDONGE 2 KILA SAA 6. Binti akaitazama, uso ukamwiva kwa aibu, lakini akajikaza, akanigeukia mimi.

"Mama, hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe. Ukifika nyumbani utakunywaje hizi dawa?"

Nikafungua mdomo.

"Ameelewa," Mwalimu akasema.

"Baba, naomba mama ndiye aseme."

"Binti, mimi nimeelewa. Nikielewa mimi, na yeye ameelewa. Dawa nitampa mimi. Au unataka kutupa mtihani?"

Na mimi, mtu mzima mwenye meno yangu yote, nikafunga mdomo. Nilikuwa nimechoka, nataka kitanda changu. Ukishajibiwa miaka arobaini na mmoja unasahau kwamba swali lilikuwa lako. Binti alinitazama kidogo, akamtazama yeye, akapiga tiki kwenye fomu yangu ya kutoka, mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa ameelewa. Mwalimu akaweka sahihi yake, ile ndefu yenye mkia.

Nyumbani Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Alikuwa hajapata mwanafunzi kwa miaka minane. Alivihamishia vidonge kwenye chupa ya kioo, akabandika ratiba ukutani kwa mwandiko wa ubaoni: DAWA. SAA SITA MCHANA. SAA SITA USIKU. ZINGATIA MUDA. Aliweka kengele kwenye simu. Usiku aliamka kabla haijalia, akanipa maji na vidonge viwili huku amenyooka wima. Hakukosa hata siku moja, nampa haki yake.

Siku ya pili nilimuuliza, "Ni mara mbili tu? Kule walikuwa wananichoma mara tatu."

"Soma mwenyewe. Kila saa sita. Kwa siku moja saa sita zipo ngapi?"

"Mbili."

"Basi."

Nikahesabu tena kichwani, saa sita kweli zilikuwa mbili, nikanyamaza. Ile bahasha tupu nikaichukua mimi, maana karatasi ngumu ni mali kwa fundi. Niliikunja mara mbili, nikachomeka sindano zangu tano, nikaitia kwenye pochi.

Siku ya sita mguu ukaanza kunuka. Siku ya tisa asubuhi kidole gumba kilikuwa cheusi na homa inanitetemesha hadi meno yanagongana. Tulirudi hospitali, na kesho yake nikaingizwa chumba cha upasuaji. Nilitoka na vidole vitatu kwenye mguu wa kulia. Kidole gumba na mwenzake wa pembeni walibaki huko. Sitaki kuwaeleza nilivyolia. Nililia kama mtu aliyeibiwa, maana kidole gumba ndicho kinachosukuma kanyagio.

Daktari alitaka kujua dawa zilitumikaje. Muuguzi mkuu, wanayemwita Matroni, mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini inayowanyamazisha wote, akavihesabu vidonge vya kwenye chupa. "Siku nane," akasema. "Vingebaki arobaini na nane. Vimebaki themanini."

"Nilimpa kama tulivyoambiwa," Mwalimu akasema. "Kila saa sita. Mchana na usiku."

"Nani aliwaambia mchana na usiku?"

"Yule mwanafunzi wenu."

Halafu akaenda nyumbani akaandika barua ya malalamiko kwa hospitali. Kurasa tatu. Alinisomea kitandani, akitua kwenye kila mkato. Alieleza "uzembe uliokithiri" wa wanafunzi, na jinsi yeye mwenyewe alivyojitahidi kurekebisha hali "kwa kadiri ya uwezo wake wa kitaaluma". Ilikuwa barua nzuri sana. Haikuwa na kosa hata moja, isipokuwa kwamba ilikuwa ya uongo, na wakati huo mimi nilikuwa sijui. Binti akaondolewa wodini siku hiyohiyo. Wanafunzi wenzake walinong'ona kwamba kikao cha nidhamu kikimtia hatiani atafukuzwa chuo, akiwa amebakiza miezi miwili.

Nilimkasirikia binti, siwafichi. Siku mbili nzima nilimlaani nikitazama bandeji.

Siku ya tatu wakanitoa kwenye sindano wakanirudisha kwenye vidonge vilevile. Sista mzoefu alinipa viwili saa sita mchana. Saa kumi na mbili jioni akarudi na toroli yake, na viwili vingine.

"Mbona tena?" nikamuuliza.

"Tena nini?" Akaiondoa simu sikioni, ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho yake. "Hizi ni kila masaa sita, mama. Saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita. Mara nne. Kwani nyumbani ulikuwa unakunywaje?"

Nilivuta pochi, nikaitoa ile bahasha yenye sindano zangu, nikaikunjua. Mstari mwekundu ulikuwa palepale. Nilisoma bila "ma", nikasoma na "ma". Nikarudia. Wallahi mtoto wa darasa la kwanza angeona tofauti. Masaa sita ni muda unaopita. Saa sita ni mshale unapofika juu. Binti aliandika kwa kosa lake kitu kinachoeleweka, na mume wangu akakisahihisha mpaka kikanikata vidole.

Kesho yake Mwalimu alipokuja nikamwekea bahasha mapajani. Alivaa miwani. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Nilisahihisha lugha," akasema hatimaye. "Sikugusa dawa."

"Mwalimu."

"Kisarufi iko sahihi. Kila saa sita. Muulize mtu yeyote."

"Nimekuuliza wewe. Ulijua alikuwa anamaanisha nini?"

Mwanamume anayejibu swali la kila mtu, hata asiloulizwa, akaanza kuchezea kofia ya kalamu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaizoea, "Sikumsikiliza. Niliposikia masaa nikaacha kusikiliza." Na baada ya hapo, badala ya kuishia pazuri, akaharibu: "Hiyo karatasi itupe, mke wangu. Yule bado kijana, ataanza upya. Mimi jina langu mtaani..."

Nimekaa na mtu huyu tangu nina miaka kumi na tisa. Nimemcheka, nimemkasirikia, nimempikia. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimdharau. Nilichomeka sindano zangu upya, moja moja, nikairudisha bahasha kwenye pochi na kumwambia aende, nataka kulala.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya Matroni, chumba kidogo chenye makabati ya chuma na ndoo chini ya sinki linalovuja. Ilikuwa siku yangu ya kutoka, nami nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu alikuwa amevaa koti na tai. Mkufunzi alishika karatasi yake ya kupimia. Binti alisimama, maana viti havikutosha, na gauni lake siku hiyo halikuwa limepigwa pasi.

"Ulimwambia mgonjwa anywe vipi?" Matroni akauliza.

"Viwili kila masaa sita."

"Uliandika?"

"Niliandika kwenye bahasha."

"Bahasha iko wapi?"

Binti akamtazama Mwalimu. Mwalimu akayatazama makabati. Nilimpa nafasi. Nawaapia nilimpa nafasi, nilihesabu matone ya sinki mpaka kumi na moja.

"Ulihakikisha ameelewa?" Matroni akaendelea.

Hapo ndipo binti alipotushinda sote. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kuhusu kalamu, kuhusu duara alilokatazwa kuchora. Alisema, "Hapana. Nilimuuliza mama, akajibu baba, nami nikaandika ameelewa. Nilimwonea baba haya."

"Zile kanuni tano za dawa," Mkufunzi akasema. "Ya kwanza ni ipi?"

"Mgonjwa sahihi."

"Uliihakikisha kwenye sindano mara tatu kwa siku. Kwenye kufundisha ukamfundisha nani?"

"Mtu mwingine," binti akasema, machozi yakamtoka.

Nikaifungua pochi. Nilichomoa sindano ya kwanza nikaichomeka kwenye mkono wa gauni langu la wodini. Ya pili. Ya tatu. Walikuwa wananishangaa. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua, akaanza kufungua vifungo vya koti. Nilipomaliza ya tano nikaikunjua bahasha juu ya meza ya Matroni, upande wenye wekundu ukitazama juu. Matroni alisoma. Mkufunzi akainama naye akasoma, hadi kwenye 6/10, hadi kwenye Jitahidi.

"Hii kalamu ni ya nani?" Matroni akauliza, ingawa ilikuwa inachungulia mfukoni mwa mwenyewe.

"Mwalimu," nikasema, "ulifuta herufi mbili. Mimi nimekatwa vidole viwili. Nihesabie, maana hesabu unajua. Tuko sawa, au kuna kingine cha kusahihisha?"

Mume wangu alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Nilitaka kumwonea huruma, na nilishindwa.

"Barua yangu naiondoa," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Binti hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemzuia."

Walizungumza sana baada ya hapo, mambo ya chuo. Kwa kifupi, binti hakufukuzwa. Mkufunzi alimfutia ule mtihani, na akaandika kwenye faili lake kwamba yeye mwenyewe hakupaswa kuondoka kitandani pangu. Aliagiza binti arudie somo lilelile, kwa mgonjwa yuleyule, wote wakiangalia. Binti alipangusa uso, akavuta ndoo ya sinki pembeni, akachuchumaa mbele ya kiti changu. Akachukua bahasha mpya, akachora duara lake, akaweka alama mbili, juu na chini, akaandika pembeni asubuhi, mchana, jioni, usiku. Alipofika kwenye maneno akasimamisha kalamu. Akamtazama Mwalimu. Kisha akaandika: KILA BAADA YA MASAA 6.

"Mama, niambie kwa maneno yako. Utakunywaje?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nikainua kidole kimoja, cha mkono, hivyo bado ninavyo vyote kumi. Akaufunga.

"Saa kumi na mbili asubuhi viwili," nikasema. "Saa sita mchana viwili. Saa kumi na mbili jioni viwili. Saa sita usiku viwili. Mara nne, siku kumi na nne, hata kidonda kikionekana kimepona. Mguu ukinuka au ukiwa mweusi nakuja siku hiyohiyo, singoji."

Binti akatikisa kichwa kukubali. Fomu ya kupiga tiki ilikuwa mkononi mwake, lakini hakupiga. Alisimama, akamgeukia mume wangu, na sauti yake haikuwa na haya tena.

"Na wewe, baba, kwa kuwa ndiye utakayekuwa unampa. Niambie kwa maneno yako."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo mume wangu tangu alipomaliza chuo cha ualimu. Aliitazama bahasha. Alimtazama Matroni, akanitazama mguu.

"Viwili," akasema. "Kila... kila baada ya masaa sita."

Akalisema lote, na "ma" yake, mbele ya watu wanne. Binti akapiga tiki. Nilimwambia Mwalimu aanze kusukuma kiti, njiani tupitie kwa fundi anayefunga mota kwenye cherehani, niache kukanyaga, na afanye haraka, kwa sababu saa kumi na mbili haiko mbali.